Intakula gani kwa Forester ya turbo: foleni ya Kampala, joto la kaskazini, vumbi

Mshale_SG5

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba majibu ya watu wanaoshika spana kwelikweli.

Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205 lita 2.0, giaboksi otomatiki, turbo ni ileile ya kiwandani. Sijengi gari la mashindano. Nataka presha ishike bar 1 bila injini kugonga (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda), na nguvu zisizidi farasi 250. Siku za kazi linakaa kwenye foleni ya Jinja Road. Wikendi linapanda Gulu na Kitgum, mzigo nyuma na AC imewashwa, na miezi ya Januari na Februari jua la huko mnalijua.

Dalili: likitoka kwenye foleni, kilima cha kwanza gari ni zito. Kwenye mpando mrefu gia ya tatu, kompyuta inarudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche), naiona kwenye kisomaji cha OBD. Kinachonichanganya ni kwamba kisomaji hichohicho kinasema joto la hewa inayoingia ni nyuzi 38 tu.

Nimepewa njia tatu. Ya kwanza ni intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo) mpya ya mbele, ile ya kila gari, kiini mm 600×300×76 na mabomba ya mm 76. Ya pili ni intakula ya juu ya Impreza STI, iliyotumika, kutoka soko la spea la Kisekka. Ya tatu ni ya maji, inayopoza hewa kwa maji. Nichukue ipi? Je, rejeta haitateseka? Na kompyuta ni lazima ituniwe upya?

Fundi_wa_Ndeeba

Ssebo, tuanze na hiyo nyuzi 38, maana ndiyo itakayokupotosha. Kwenye EJ205 yako sensa ya joto la hewa imo ndani ya MAF (kipima hewa inayoingia), pale kwenye boksi la chujio. Hewa inapita hapo kabla ya kufika kwenye turbo. Kwa hiyo unasoma joto la hewa ya nje pamoja na kajoto kidogo ka chini ya boneti. Intakula ingeweza kuwa imeziba kabisa na kisomaji kingeendelea kukuambia 38.

Joto lenyewe linatoka kwenye kubanwa kwa hewa, na hapa Uganda hewa inabanwa zaidi kwa sababu ya mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje ina presha ya kPa 88 hivi, si 101 kama Mombasa. Geji ikionyesha bar 1 (kPa 100 juu ya hewa ya nje), maana yake turbo imechukua hewa ya kPa 88 na kuifikisha 188. Hiyo ni mara 2.14. Mombasa geji ileile ingekuwa mara 1.99. Chukua turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 na hewa inayoingia nyuzi 35: Mombasa itatoka na nyuzi 130 hivi, Kampala 141. Nyuzi 11 zaidi kwa geji ileile, na hujagusa kitu. Ukipanda Kabale zinaongezeka tena.

Sasa intakula. Ufanisi wake hupimwa hivi: joto lililoondolewa, gawanya kwa tofauti kati ya hewa inayoingia ndani yake na hewa ya nje. Hewa ya nyuzi 141, nje 35, tofauti ni 106. Intakula ya asilimia 65 inaondoa 69, injini inapata hewa ya nyuzi 72. Ya asilimia 80 inaondoa 85, injini inapata 56. Hizo nyuzi 16 ndizo unazolipia. Kwa uzito wa hewa ni kama asilimia 5 tu. Faida kubwa zaidi ni injini kutogonga, maana injini nyingi za turbo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya okteni ya juu kuliko hii ya pampu zetu.

Sikiliza vizuri hapa: ikiwa intakula mpya inabana hewa na kupoteza psi 2, hiyo ni kPa 14 kati ya 188, yaani asilimia 7. Umepata 5 na kupoteza 7. Turbo italazimika kufanya kazi zaidi kurudisha hiyo presha, na hewa itatoka na joto zaidi. Ndiyo maana mtu anayekuuzia kwa ukubwa wa macho tu hajakuambia chochote.

Pima kwanza, hata kabla ya kutoa shilingi. Unahitaji vitu viwili. Kimoja ni sensa ya joto ya kichwa wazi, au waya wa aina K na kisomaji chake, uufunge kwenye bomba baada ya intakula, karibu na throto (mlango wa hewa wa injini). Sensa za kichwa kilichofunikwa kwa shaba ni nzito. Presha inapanda na kushuka kabla hazijaamka. Cha pili ni geji moja ya presha yenye mipira miwili na vali ya kubadilisha: upande mmoja kabla ya intakula, mwingine baada. Geji iwe moja, si mbili, kwa sababu geji mbili za bei ya chini hutofautiana psi 1 zenyewe na utalaumu intakula bure.

Tafuta mpando mrefu usio na magari, gia ya pili, kanyaga kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,000, msomaji awe mwingine si dereva. Upotevu chini ya psi 1.5 kwenye kilele ni mzuri. Ukipita 2, intakula inabana. Joto likibaki ndani ya nyuzi 20 juu ya hewa ya nje, intakula si tatizo lako. Likipita 35, ndiyo yenyewe.

Nalubaale_Turbo

Naunga mkono yote ya fundi. Naongeza kuhusu kiini, yaani ile sehemu yenye mapezi.

Kwa farasi 250 injini inahitaji hewa ya karibu kilo 11 kwa dakika. Hicho ndicho kipimo cha kumwuliza muuzaji: kiini hiki kinapitisha kilo ngapi kwa dakika, na kinapoteza presha kiasi gani kikifika hapo. Watengenezaji wanaojiheshimu wana hizo namba. Asiye nazo anakuuzia alumini kwa kilo.

Mm 600×300×76 ni kubwa mno kwako. Viini vya saizi hiyo huuzwa kwa injini za farasi 500. Kwanza, ukijumlisha matangi ya pembeni urefu unafika mm 780 hivi, kwa hiyo utakata chuma cha ndani ya bampa, kile kinachokulinda ukigongana. Pili, kitafunika kondensa ya AC karibu yote. Tatu, hewa nyingi ya kujaza kabla turbo haijasukuma injini, na otomatiki yako itahisi uvivu huo kila inapobadilisha gia.

Eneo la uso lina thamani kuliko unene. Hewa ya nje ikiingia kwenye kiini cha mm 76, nusu ya kwanza inabeba joto kubwa, na nusu ya nyuma inapata hewa iliyokwisha kupashwa moto. Ukitoka mm 50 kwenda 76 unaongeza uzito na unaziba rejeta, lakini baridi unayopata ni kidogo. Kwa hali yetu ningechukua mm 50 hadi 65, kisha nitafute upana. Kiini cha 550×180×65 kinatosha farasi 250 kabisa kikipata hewa.

Mabomba ya mm 76 pia achana nayo. Kilo 11 kwa dakika, presha bar 1, joto nyuzi 56, ndani ya bomba la mm 63 hewa inakwenda kama mita 30 kwa sekunde. Hata la mm 51 haifiki 50. Bomba linaanza kubana kwa maana kwenye kasi mara mbili au tatu ya hapo. Bomba la mm 76 linabeba lita 4.5 kwa kila mita, la 63 lita 3.1. Unajaza hewa bure. Weka mm 51 upande wa moto kutoka kwenye turbo, na 63 upande wa baridi kwenda kwenye throto.

Kisha aina ya ujenzi. Ya pau na bamba ni nzito, inavumilia mawe, na inameza joto la kukanyaga kwa muda mfupi bila kupanda haraka. Lakini ikishashiba joto inachelewa kupoa, na hewa ya nje inapita ndani yake kwa shida, kwa hiyo rejeta nyuma yake inanyimwa. Ya mirija na mapezi ni nyepesi, inapoa haraka ukianza kutembea, na inaachia rejeta hewa. Ubaya wake ni mapezi laini: jiwe moja la barabara ya udongo mwekundu linalaza mstari mzima. Kwa gari la foleni na safari ndefu, ningechagua mirija na mapezi na wavu wa chuma mbele, matundu ya mm 10 hadi 12. Wavu wenye matundu madogo kuliko hapo unakamata hewa yenyewe, na msimu wa nsenene unajaa wadudu usiku mmoja. Watu wa Entebbe wanajua nzi wa ziwa wanavyofanya hivyohivyo.

Jambo moja ambalo husahaulika: hewa ya kupoza nayo ni nyepesi huku juu. Tundu lilelile la bampa linapitisha uzito wa hewa pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko usawa wa bahari. Usichukue kipimo cha mtu wa pwani ukadhani kitakutosha bila nafasi ya ziada.

Mshale_SG5

Asanteni sana, hata sensa sikuwa nimejua iko wapi. Sasa nielekezeni kuhusu ile ya STI. Bei yake inanivutia na sitakata bampa. Lakini si bado iko juu ya injini? Foleni itaipika tu.

Dada_Spea

Kaka, itaipika, ndiyo, lakini kwa matumizi yako bado ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza. Farasi 250 na turbo ya kiwandani, njia ya hewa ni fupi, na AC na rejeta havijaguswa. Joto la foleni ni tatizo la dakika chache baada ya kuanza kutembea. Intakula ya mbele inayoziba rejeta ni tatizo la saa nzima kwenye barabara ya Gulu. Na kwenye otomatiki yako mafuta ya giaboksi yanapozwa kwenye tangi la chini la rejeta. Rejeta ikipanda joto, giaboksi inapanda nayo.

Ukienda kuitafuta, fanya haya kabla ya kulipa.

Tazama ndani ya shingo kwa tochi. Mafuta kidogo kama ukungu ni kawaida, yanatoka kwenye upumuaji wa injini. Mafuta yaliyojaa na vumbi linalong'aa la chuma maana yake turbo ya gari lile ilikufa, na vipande vya bapa zake viko humo. Hiyo iache, hata ukipewa bure. Vipande vinakwama kwenye mapezi ya ndani, ukiosha vinatoka vichache, vilivyobaki vinatoka siku ya presha kubwa na kuingia kwenye silinda.

Angalia mahali tangi la plastiki linapokutana na alumini. Limebanwa kwa meno ya alumini na raba katikati. Miaka ya joto inakausha raba na plastiki inajikunja. Ukiona alama ya mafuta iliyotambaa kwenye mstari huo, panavuja. Meno yakifunguliwa na kubanwa tena kwa koleo, mara nyingi hayashiki kwa presha kamili. Mafundi wa Katwe wanaweza kukata plastiki na kuchomelea tangi la alumini, kazi nzuri kabisa, ila mwambie aoshe kiini kabla na baada, kwa sababu chembe za kuchomelea zinabaki ndani.

Omba ijaribiwe kwa presha hapohapo: shingo moja izibwe, nyingine iwekwe kizibo chenye valvu ya gurudumu, izamishwe majini, psi 20 zatosha. Viputo vidogo kwenye mstari wa plastiki vinakupa jibu. Funga vizibo kwa klampu na usisimame mbele ya shingo. Kizibo kikichomoka kwa presha kinaumiza.

Halafu nunua vyote pamoja: viguzo vyake, vali ya kurudishia hewa pamoja na gasketi yake, hozi ya Y (inayotoa hewa kwenye turbo kuipeleka intakula), na kile kigawa hewa cha chini ya boneti. Vali ya STI haikai kwenye nafasi ya ile ndogo, na shingo za hozi ya Y hazifanani, kwa hiyo chukua kipimo cha turbo yako ukiwa na kaliper mkononi. Ukirudi kesho yake kutafuta kiguzo kimoja, utauziwa kwa bei ya kumkomesha mtu.

Kuosha: mafuta ya taa ndani, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe, kisha maji ya moto na sabuni ya sahani, kisha maji safi. Ianike juani shingo zikitazama chini mpaka ikauke kabisa. Usiifunge ikiwa na harufu ya mafuta ya taa.

Fundi_wa_Ndeeba

Dada amesema vema. Kwa intakula ya juu, kazi iko kwenye raba ya kigawa hewa. Kwenye magari mengi yanayokuja hapa raba imechanika au haipo. Pua ya boneti inaleta hewa, hewa inagonga ukingo wa intakula na kukimbilia pembeni. Paka chaki au grisi nyembamba kwenye ukingo wa raba, funga boneti, fungua, uone alama imegusa wapi. Pasipo na alama, hewa inatoroka. Raba ya mlango wa gari, ile yenye tundu katikati, inafaa kuzibia, mradi isiguse upande wa turbo.

Chini ya intakula weka bamba jembamba la alumini lenye nafasi ya mm 10 hivi ya hewa, liitenge na injini. Turbo ivalishwe koti lake la kuzuia joto. Bomba la ekzosi linaloshuka kutoka kwenye turbo nalo unaweza kulifunga kitambaa cha joto, ila kitambaa hicho kinashika maji na bomba la chuma la kawaida linaoza ndani yake; kama si chuma kisichoshika kutu, afadhali kinga ya bamba.

Na tafadhali msiinue boneti kwa nyuma kwa kuweka washa kwenye bawaba. Chini ya kioo cha mbele kuna presha kubwa ya hewa gari likitembea. Hewa inaingia kwa nyuma, na pua ya boneti inapoteza nguvu ya kuvuta.

WestNile_4WD

Niongeze la upande wetu. Ningepinga kidogo. Kwa mtu anayeishi Arua au Moroto na kutembea umbali mrefu bila foleni, ya mbele ya saizi ndogo ni bora, kwa sababu gari likitembea hewa ya mbele ni baridi daima, na intakula haikai juu ya turbo ikipikwa. Sharti ni kuziba pembeni. Wengi wanaining'iniza nyuma ya grili kama picha ukutani, hewa inaizunguka. Hewa haiingii kwenye mapezi kama kuna njia rahisi pembeni. Kata bamba la alumini la mm 1.5, ziba kutoka ukingo wa tundu la bampa hadi ukingo wa kiini, pande zote nne, kisha sponji ngumu kwenye miunganiko. Acha mm 15 hadi 20 kati ya intakula na kondensa, na ukingo wa hapo nao uzibwe ili feni ivute kupitia viini vyote.

Kabla ya hapo rejeta iwe nzima: feni zote mbili zinazunguka, kifuniko kinashika presha iliyoandikwa juu yake, maji yamechanganywa na kulanti nusu kwa nusu. Rejeta iliyokuwa ikivumilia kwa shida, ukiiwekea intakula mbele, haitavumilia tena.

Kwa wenye dizeli ya 1KZ-TE, Surf na Prado: hilo la rejeta kwenu ni mara mbili. Silinda hedi ya 1KZ inapasuka kwa joto. Intakula inasaidia, inapunguza joto la ekzosi na moshi mweusi, lakini mkitumia nafasi hiyo kuongeza dizeli kwenye pampu mnarudi palepale. Weka geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo; ikikaa juu ya nyuzi 700 kwenye mpando, legeza mguu.

Nalubaale_Turbo

WestNile, hapo tunakubaliana. Tofauti ni foleni na otomatiki ya ndugu huyu.

Kuhusu ya maji, kwa kifupi. Inahitaji kiini, pampu ya umeme, rejeta yake ndogo mbele, na tangi la lita 5 hadi 10. Kwa kukanyaga kwa sekunde chache ni nzuri ajabu, maji yanameza joto. Kwenye mpando mrefu wa Kapchorwa maji yanapanda taratibu, na yakishapanda yanachukua muda mrefu kushuka. Pampu ikifa hakuna taa inayokuonya, na kiini kikitoboka ndani, maji yanaingia kwenye silinda. Ukikwama Karuma huipati spea yake. Kwa gari la familia sioni sababu.

Kama unataka msaada wa maji, puliza juu ya intakula. Baadhi ya STI zilitoka kiwandani na mfumo huo. Tangi, pampu ya kioo cha mbele, pua moja au mbili za ukungu, swichi ya presha kwenye bar 0.6. Kaskazini miezi ya kiangazi, hewa ni kavu, ukungu unayeyuka haraka na unapoza sana. Kampala yenye unyevu unasaidia kidogo tu. Tumia maji yaliyosafishwa ya betri. Maji ya kisima yanaacha chumvi nyeupe kwenye mapezi, na baada ya muda umejitengenezea blanketi.

Mshale_SG5

Basi ya STI. Swali la mwisho: kompyuta na uvujaji. Nikishaifunga, najuaje iko sawa?

Fundi_wa_Ndeeba

Jaribu uvujaji kabla hata ya kuwasha. Tafuta kizibo cha PVC kinachoingia kwenye hozi ya kuingilia turbo, baada ya MAF, kitoboe, weka valvu ya gurudumu yenye nati. Kaza kwa klampu. Ziba hozi ya upumuaji wa injini inayorudi kwenye hozi hiyo, la sivyo unasukuma presha ndani ya boksi la kreki na kupasua sili za mafuta. Fungua kifuniko cha oili usikilize: upepo ukitoka hapo, bado kuna njia hujaziba. Kompresa iwe na kidhibiti, anza psi 5, panda hadi 15, usivuke. Nyunyizia maji ya sabuni kila muunganiko, midomo ya sindano za petroli, mguu wa vali ya kurudishia hewa, na hozi ya Y kwa chini, mahali mkono haufiki, kwa sababu ndipo inapochanika. Upepo ukisikika kwenye ekzosi ni vali za injini zimekutana wazi. Zungusha kreki kidogo kwa spana, ujaribu tena.

Kwenye gari la MAF uvujaji baada ya turbo una sura yake: kompyuta imehesabu hewa ambayo haikufika, inamwaga petroli kwa ajili yake. Moshi mweusi, harufu ya petroli, gari linakohoa presha inapopanda. Ndiyo sababu hiyohiyo vali ya kupumulia nje kwa sauti haifai kwenye gari hili. Hewa irudi kwenye hozi, kama kiwanda kilivyopanga.

Hozi za silikoni ziwe za matabaka manne, klampu za boliti aina ya T, na ncha ya bomba iwe na ukingo ulioinuliwa. Bomba lisilo na ukingo litachomoka tu. Futa mafuta kwa spiriti kabla ya kuvalisha, na nafasi kati ya bomba na bomba ndani ya hozi isizidi mm 15, silikoni iliyo uchi inavimba kwa presha. Silikoni ya kawaida inalainishwa na ukungu wa mafuta. Kama gari linatoa mafuta, tafuta yenye utando wa ndani unaostahimili mafuta. Kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza.

Kuhusu kompyuta: kwa presha ya kiwandani intakula ya STI haihitaji kutuniwa, MAF inapima hewa yote kabla. Lakini wewe unataka bar 1, na hapo lazima. Petroli ipimwe kwa sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi, presha isiruke juu kupita kikomo, taimingi ipangwe kwa petroli ya hapa. Intakula iwe ya kwanza, tuni ifuate, na kipimo cha joto na presha nilichokueleza juu ukirudie kwa barabara ileile na saa ileile ya mchana, ili ulinganishe.

Dada_Spea

Nimalizie la kuosha, maana vumbi la udongo mwekundu likikutana na mafuta linakuwa kama plasta. Kwenye woshingi bei, pale magari yanapooshwa, msiwaachie waelekeze bunduki ya maji kwenye mapezi. Maji ya bomba la kawaida, sabuni ya kukata mafuta, ikae dakika kumi, kisha usukume maji kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha hewa inavyoingia. Intakula ya juu ni rahisi: boliti chache, itoe kabisa, na uzibe throto na mdomo wa turbo kwa kitambaa safi chenye rangi kali usije ukakisahau ndani. Mapezi yaliyolala yainue kwa kitana chake, taratibu, mstari kwa mstari. Na usiipake rangi nzito nyeusi kwa urembo. Alumini tupu inatosha.